Sahani Isiyo na Jina

Kila Malindi inapotajwa katika baraza za mwambao, haukawii kusikia lalamiko kwamba mji umemezwa na Waitalia. Ushahidi wa kwanza unaoletwa ni mkahawa wa Kiitalia uliomo ndani ya hoteli ya pwani: mkahawa wenye umri wa miongo kadhaa, ambao wahudumu wake huwaamkia wageni kwa lugha ya Roma, na ambao orodha yake ya vyakula ni nadra kuonekana neno la Kiswahili ndani yake. Lalamiko hilo lina ukweli. Lakini limeelekezwa kwa asiyestahiki, na kwa hivyo halijamfaa mtu tangu lilipoanza.

Na itazamwe orodha hiyo kwa makini. Tambi ndefu zimeandikwa spaghetti. Wali uliopikwa kwa kutiwa supu kidogo kidogo hadi ukalainika umeandikwa risotto. Hapana aliyeona haja ya kuyafasiri maneno hayo. Mgeni kutoka Ujerumani, au kutoka Nairobi, asiyejua risotto ni kitu gani atauliza, atajibiwa, ataonja. Na akiinuka mezani atakuwa amepata chakula na neno kwa pamoja. Sasa na ageuze ukurasa. Huko mwisho, aghalabu, pana sehemu fupi ya vyakula vya wenyeji. Hapo samaki wa kupaka haitwi samaki wa kupaka. Ameandikwa, kwa Kiitalia na Kiingereza, kuwa ni samaki katika mchuzi wa nazi. Mkate wa kumimina umekuwa keki ya mchele. Mbaazi za nazi zimekuwa kunde za Kiafrika. Chakula kipo, jina limeondolewa.

Hivi ndivyo ilivyo katika mikahawa mingi ya namna hiyo, iwe Malindi, Watamu au Kiwengwa ya Unguja. Swali linalopaswa kuulizwa ni hili: ni nani aliyeliondoa jina? Si Mwitalia. Yeye hakulijua hata aliondoe. Aghalabu aliyelifuta ni mpishi, au msimamizi, au karani wa hoteli, mwana wa pwani hiyo hiyo, aliyelelewa kwa mchuzi huo huo, aliyekata shauri kwamba mgeni hataelewa. Na wale wanaolalamika barazani nao hawajapata kuingia jikoni wala ofisini kumuuliza kwa nini.

Wanaodhani kwamba pwani na Italia zilikutana jana wasome historia. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi alikamilisha kitabu chake kikubwa kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily. Katika kitabu hicho ameeleza habari za Trabia, kijiji cha Sicily kilichokuwa kikitengeneza itriya, yaani tambi kavu, na kuzipakia majahazini kupelekwa nchi za mbali. Katika kitabu hicho hicho ameitaja Malindi na chuma chake. Kwa hiyo tambi za Sicily na mji wa Malindi zimo katika jalada moja, na neno lililotumika kwa tambi hizo ni la Kiarabu. Mswahili anayepika tambi kwa sukari, tui na iliki katika mwezi wa Ramadhani hana sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya sahani ya spaghetti. Hizo ni jamaa, na mwenye jamaa haombi ruhusa ya kumwita kwa jina.

Baadaye uhusiano ulikuja kwa njia isiyopendeza. Mwaka 1905 Italia iliinunua pwani ya Benadir kutoka kwa Sultani wa Zanzibar kwa pauni 144,000, biashara ambayo wenyeji wa Mogadishu, Marka na Barawa hawakuulizwa. Wasomali walipata dhiki za ukoloni huo, na walipata pia pasta. Nao waliifanya nini? Waliliita baasto, wakalitia katika matamshi ya lugha yao, wakalila pamoja na ndizi kama wanavyokula wali. Chakula cha mtawala kikawa chao, kwa sababu walikipa jina la ulimi wao na mahali katika sinia yao.

Malindi ya leo ina asili ya karibu zaidi. Katika miaka ya 1960 Waitalia walijenga kituo cha San Marco huko Ngomeni, kaskazini ya mji, kwa ajili ya kurusha roketi. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Lizingatiwe jambo hili. Chombo cha Wamarekani, kilichorushwa na Waitalia, kilikwenda angani kuchunguza nyota na jina la Kiswahili, na wanasayansi wa dunia nzima wakalitamka bila ya kufasiriwa. Ikiwa Kiswahili kiliweza kupanda juu ya mawingu, kimeshindwaje kupanda juu ya karatasi ya vyakula?

Jawabu linaweza kupatikana kwa Waitalia wenyewe, ambao hawakuzaliwa na ujasiri huu wa kuyashika majina yao. Katika karne ya 19, meza za wakubwa wa Italia ziliandikiwa orodha kwa Kifaransa. Nchi iliungana mwaka 1861, na raia wengi walizungumza lahaja za kwao tu. Mwaka 1891 mfanyabiashara mmoja wa hariri aliyekwisha staafu, Pellegrino Artusi, alichapisha mjini Florence kitabu cha mapishi kwa gharama yake mwenyewe, baada ya kukosa mchapishaji wa kumkubalia. Kilianza na mapishi 475. Hadi alipofariki mwaka 1911 kilikuwa kimechapishwa mara nyingi na mapishi yalifika 790. Artusi aliandika kwa Kiitalia cha nyumbani, aliyachukia majina ya Kifaransa yaliyopachikwa bila ya haja, na mwanzoni mwa kitabu aliweka maelezo ya maneno ya Tuscany ambayo wasomaji wa sehemu nyingine wasingeyafahamu. Hakuyatupa maneno hayo kwa kuwa ni mageni kwa wengine, aliyaeleza. Kazi hiyo ilisaidia kuwapa Waitalia lugha moja ya jikoni.

Tangu hapo hawakulegea. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba jina Parmesan linaamsha kumbukumbu ya jibini ya Parmigiano Reggiano, na kwa hivyo haliwezi kutumiwa kiholela kwa jibini ya kwingine. Taifa zima lilikwenda mahakamani kwa ajili ya jina la jibini. Mwambaoni, watu hawaendi hata kwa meneja kwa ajili ya jina la mchuzi. Na isidhaniwe kuwa pwani haikuonywa: katika miaka hiyo hiyo ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, liwe alama yake ya biashara. Maombi yalipingwa na hayakufua dafu. Lakini mwenye nyumba anayeacha vitu vyake uani asistaajabu akikuta mpita njia amevibeba.

Watakaopinga watasema, kwanza, kwamba mgeni hafahamu. Hoja hii haina miguu. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, akaandikiwa wali wa samli, vitoweo vya kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, tangawizi, maembe, na achari za ndimu na pilipili. Kitoweo kile alikitaja kwa jina alilolisikia kwa wenyeji, kushan, kisha akaeleza ni kitu gani. Mgeni wa karne ya 14, aliyekuja kwa jahazi, aliweza kujifunza jina la kitoweo. Vipi mgeni wa leo aliyekuja kwa ndege ashindwe? Hashindwi. Ananyimwa.

Watasema, pili, kwamba jina si kitu, utamu ndio kitu. Anayesema hivi hajapata kusimama karibu na mpishi hodari. Kinachopotea si neno moja tu la juu ya sahani, bali ni msururu wa maneno unaolifuata. Anayesema samaki katika mchuzi wa nazi hatauliza kama tui ni la kwanza au la pili, wala hatajua kwamba lile zito lisilotiwa maji linaitwa kasimile, wala kwamba chombo cha kulichujia ni kifumbu, wala kwamba kinachobaki baada ya kukamuliwa ni chicha. Anayesema wali mweupe hatajua kupalia makaa juu ya kifuniko, wala hatagombania ukoko, ambao wengine wanauita utandu. Mhudumu kijana wa Malindi anaweza kumweleza mgeni kwa ufasaha kwamba tambi nzuri ni ile iliyo al dente, inayokinza jino kidogo. Aulizwe bibi yake anamwambiaje mtu aliyeuepua wali mapema. Atajibu kwamba wali una kiini. Kijana analo neno la Roma kwa jambo ambalo nyumbani kwao lina neno lake, na la nyumbani halijui. Huo ndio msiba, nao hauonekani katika hesabu za hoteli.

Watasema, tatu, kwamba Waswahili wenyewe hawakubaliani: Lamu wana jina lao, Mvita lao, Unguja na Pemba yao. Na Waitalia je? Kila mji wao una umbo lake la tambi na jina lake, na hapana aliyewashauri wafute yote waandike unga uliochemshwa. Wingi wa majina ni utajiri. Hoteli ya Malindi na iandike kama wanavyosema Malindi, na ya Unguja kama wanavyosema Unguja.

Watasema, nne, kwamba huu ni ubaguzi wa kukataa vya watu. La hasha. Meza yenyewe inayoandikiwa chakula ina jina la Kireno, na mvinyo pia. Sahani ni ya Kiarabu, chapati na achari zimetoka Bara Hindi. Muhogo na mahindi vilivuka bahari kutoka Amerika, kama ilivyovuka nyanya ambayo leo Mwitalia hawezi kupika bila yake. Hakuna chungu kisichokuwa na mgeni ndani yake. Wala hapana anayetaka majina ya kubuniwa kwa amri. Katika miaka ya 1930 Marinetti na wenzake walitaka Waitalia waache pasta, na waiite kokteli polibibita; pasta ingali mezani na polibibita imesahaulika. Mwambao hauna haja ya kubuni kitu. Majina yapo, yametimia, yanasubiri kuandikwa.

Basi mkahawa wa Kiitalia na ubaki. Na uendelee kupika risotto na kuiita risotto, kwani katika hilo unafanya haki. Ila nyumba iliyojengwa juu ya ardhi ya Waswahili, inayonunua kamba na pweza kutoka kwa wavuvi Waswahili, inadaiwa heshima ile ile kwa sahani za wenyeji: jina kwanza, maelezo baadaye, kwa lugha yoyote mgeni atakayo. Deni hili halilipwi kwa Usiku wa Kiswahili mmoja kwa wiki, ambapo wahudumu huvishwa kanga, ngoma ikapigwa, na chakula kikapangwa katika masufuria yasiyo na maandishi.

Lakini deni kubwa zaidi liko kwa wenye kalamu. Malenga wa mwambao wameimba bahari, mapenzi, siasa na mauti. Wengi wao hawaoni kwamba kifumbu na mbuzi ya nazi ni mali ya lugha sawa na jahazi na tanga. Wataalamu wa Kiswahili hukutana mara kwa mara kujadili istilahi za sayansi, na ni jambo jema. Lakini istilahi za jikoni, ambazo hazihitaji kuundwa, zinazikwa pamoja na kila bibi anayezikwa. Mapishi yaandikwe, kwa maneno ya wapishi wenyewe, na mwanzoni mwa kitabu yawekwe maelezo kama alivyofanya yule mfanyabiashara wa hariri. Hapo ndipo mwandishi wa orodha ya hoteli atakapokosa kisingizio.

Kila mpenda tenzi anakijua kisa cha Fumo Liyongo, kama kilivyotungwa na Muhammad Kijumwa. Liyongo alipofungwa gerezani Pate, mama yake alikuwa akimpelekea chakula, na askari wakiteua vilivyo vizuri wakala wao. Ndipo mjakazi Saada alipoleta mkate wa wishwa, mkavu, wa kudharauliwa. Askari waliutazama, wakaucheka, wakamwachia mfungwa. Ndani ya mkate huo mlikuwa na tupa, na kwa tupa hiyo Liyongo alizikata pingu zake.

Askari wale hawakudhulumiwa na mtu. Waliushika mkate mkononi na hawakujua wameshika nini.