Simu kwa fundi, laini mfukoni
Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu ya mkulima imekuwa pia pochi na daftari la madeni. Hata hivyo, wengi wetu hapa Vigwaza tunamwachia fundi simu ikiwa na laini ndani, na namba ya kuifungulia tunamtajia. Kwa wengine namba hiyo ndiyo hiyo hiyo ya M-Pesa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini haizuii fedha za mpunga kuhamishwa jioni hiyo. Ni vema kutoa kwanza laini na kadi ya kumbukumbu. Fundi aijaribu simu kwa laini yake. Simu ikirudi, badilisha namba. Huko si kumshuku fundi, ni kufunga ghala.