MAFUVU YASIYO NA MAJINA



Sisi makarani twajua neno moja ambalo watu wa nje ya ofisi hawalijui sana: mali isiyoandikwa kitabuni, siku ikidaiwa hakuna wa kuitolea ushahidi. Kwa hiyo mwezi huu tumeacha habari za mishahara na likizo (hazitakimbia), ili tuseme juu ya vichwa vya wazee wetu vilivyopelekwa Ulaya.

Habari ya Mkwawa yajulikana na wengi. Wahehe walilivunja jeshi la Zelewski pale Lugalo mwaka 1891. Wadachi wakarudi kulipiza, wakaitwaa Kalenga mwaka 1894. Mkwawa akakaa porini karibu miaka minne, hata mwezi wa Julai 1898 akajipiga risasi asije akakamatwa hai. Kichwa chake kikakatwa. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, shauri hili likatiwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba Jeremani ilitoe fuvu lile kwa Serikali ya Kiingereza katika muda wa miezi sita. Wala msidhani ilikuwa huruma tupu; Waingereza walitaka kuwapendeza Wahehe waliowasaidia vitani. Miezi sita ikapita, ikapita na miaka zaidi ya 30. Mwaka 1953 Govana Twining alikwenda Bremen, akaonyeshwa mafuvu mengi, akachagua moja lenye tundu la risasi, na mwezi wa Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa marehemu. Hata leo wako wanaouliza kama ndilo lenyewe. Hatuwalaumu. Mzigo uliopokewa bila hati yenye jina la mwenyewe huleta maswali hayo hayo katika stoo yo yote.

Lakini Mkwawa alikuwa na mkataba. Wengine hawakupata hata barua. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa mwezi wa Machi 1900, na Nduna Songea Mbano mwaka 1906 katika vita vya Maji Maji. Wajukuu wao wangali wanavitafuta vichwa vyao. Rais wa Ujeremani alifika Songea mwaka 1923 na 100 juu yake, yaani 2023, akaomba msamaha; neno la msamaha tumelisikia, walakini fuvu halikuja pamoja nalo.

Mwaka huo huo wataalamu wa Berlin walitoa hesabu ya mafuvu zaidi ya 1,100 waliyoyachungua: 904 waliyahesabu kuwa ya Rwanda, 202 ya Tanzania, 22 ya Kenya. Katika hayo yote, matatu tu yaligunduliwa ndugu zao walio hai, kwa kupimwa vinasaba vya ukoo. Na moja katika hayo matatu lilikuwa limeandikwa juu yake neno "Akida". Fikirini, ndugu zetu. Mtu aliyelibeba alitaka alama ya sanduku tu, naye bila kukusudia akawaachia watoto wa marehemu njia ya kumfikia. Mamia mengine yana nambari na jina la mahali, basi.

Tena tusijifiche. Vitabu vya maboma ya Kidachi viliandikwa pia kwa mikono ya watu weusi waliosoma kama sisi. Waliandika kodi, waliandika vibarua, waliandika viboko. Majina ya walionyongwa, mara nyingi hawakuulizwa, wala wao hawakuuliza.

Basi twawaomba kila atakayekwenda likizo kwao awaketie wazee: nani alinyongwa, wa ukoo gani, alizikwa wapi, na kama alizikwa na kichwa chake. Maneno yaandikwe kwanza kwa lugha ya mzee mwenyewe, kisha kwa Kiswahili. Yawe nakala mbili, moja ibaki kwa jamaa, moja ije kwa Mwandishi wa Chama, pamoja na tarehe na sahihi ya aliyeandika. Asiye na karatasi aombe kwa Mwandishi. Zipo za kutosha.