Kona ya Mwalimu: Mtoto mmoja, nyota mbili

Wiki tatu zilizopita, kisha mkutano, mama mmoja wa chama chetu alinifikia na simu mkononi. Kila asubuhi anapokea horoskopu kwa SMS, na kila asubuhi uniti zake zinakatwa. Binti yake, mwenye kusoma mwaka wa tano wa msingi, alizaliwa tarehe 2 Machi. SMS zinasema ni Poisson, yaani Samaki: mtoto wa ndoto na nyimbo, hesabu si zake. Mama akaniuliza: "Mwalimu, si afadhali nimtoe shuleni, nimpeleke kwa mshonaji?"

Sikumcheka. Nilimuuliza tu: Samaki wa wapi?

Maana mtoto huyo angezaliwa siku ile ile nyumbani kwa Wahindi, mnajimu wao angesema jua lilikuwa katika Kumbha, yaani Mtungi. Wazungu na Wahindi wote wanagawanya njia ya jua vipande 12, kila kimoja nyuzi 30. Hesabu hiyo ilianza Babeli, ikapita kwa Wagiriki. Lakini Wazungu wanaanza kuhesabu pale jua lilipo siku ya Machi ambapo usiku na mchana ni sawa. Wahindi wanaanza kwa nyota zenyewe. Na dunia yetu inayumba polepole, kama pia ya watoto inapokaribia kuanguka, hata ile alama ya Machi inasogea kati ya nyota karibu nyuzi 1 kila miaka 72. Leo tofauti imefika nyuzi 24 hivi. Chukueni kalamu: 24 mara 72 ni 1,728. Miaka kama hiyo iliyopita, hesabu zote mbili zilikuwa pamoja. Tangu hapo zinaachana, na kila upande unaendelea kusema kwamba ndio unaomjua mtoto.

Horoskopu ya tarehe tu, kama ile ya SMS, si ya mababu wa mtu. Ilikuzwa na magazeti ya Uingereza, kisha mnajimu R. H. Naylor kuandika katika Sunday Express, mwaka 1930, juu ya kuzaliwa kwa Princess Margaret.

Wahindi wanaona hiyo ni mchezo. Wao wanataka saa na mahali pa kuzaliwa, wanatazama mwezi kuliko jua, na njia ya mwezi wanaigawanya vituo 27. Na kwao neno la mnajimu linaingia mpaka ndani ya ndoa. Jamaa nyingi zinapeleka karatasi za kijana na msichana zilinganishwe kwa pointi 36. Chini ya 18, posa inaweza kufa. Halafu kuna sayari Mars. Ikiwa katika nyumba fulani za karatasi yake, msichana anaitwa manglik, na watu wanaogopa kwamba mume wake atakufa mapema. Kuna wanaomwozesha kwanza mgomba au chungu cha udongo, ili balaa iishie pale, ndipo aolewe na mtu. Kijana pia anaweza kuwa manglik, lakini mnajua wenyewe nani husemwa zaidi.

Sasa, nani ana haki? Watu wamepima. Mwaka 1985 Mmarekani Shawn Carlson alitoa katika jarida Nature jaribio alilofanya na wanajimu wa njia ya Wazungu. Kwa kila horoskopu walipewa maelezo ya tabia za watu watatu, wachague mwenyewe ni nani. Walipata kama moja juu ya tatu, sawa na mtu aliyefunga macho. India, mtaalamu wa nyota Jayant Narlikar na wenzake walikusanya tarehe na saa za kuzaliwa za watoto 200: 100 hodari shuleni, 100 wenye ulemavu wa akili. Wanajimu 27 walipewa karatasi 40 kila mmoja, waseme huyu ni wa kundi gani. Kwa wastani walipata asilimia 46. Kurusha sarafu kungetoa 50.

Mama alinyamaza. Halafu: "Lakini anapenda kuimba kweli."

Basi aimbe! Nikaomba daftari lake. Mpaka Oktoba, kuzidisha na kutoa, yote mazuri. Makosa yanaanza mwezi wa kumi na moja, wiki mbili alizolala na malaria, wakati kalasi ilipoingia kugawanya kwa tarakimu mbili. Alirudi, akakuta tumekwisha kupita, akaona haya kuuliza.

Sasa anabaki nami Jumanne na Alhamisi kisha masomo. Juzi alipata 7 juu ya 10. Zile tatu alizikosa kwa kusahau kuandika baki.