Wapanda Farasi Wana Mawe, Wapagazi Wana Nini?

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika jarida la chama chetu nijibu neno ambalo nimelisikia mara nyingi hapa Kisongo, tena vinywani mwa watu waliosoma: kwamba vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vya Wazungu, na kwamba likijengwa jiwe la ukumbusho katika njia ya Arusha na Kondoa, lifaalo ni la wale wapanda farasi wa Jenerali van Deventer.

Habari yao naijua, wala siidharau. Walitoka Arusha mwanzo wa Aprili 1916, wakati wa masika. Siku chache baadaye wakauteka mlima Lolkisale, kusini yetu, na tarehe 19 wakaingia Kondoa-Irangi. Farasi walikufa kwa mamia, kwa mbung'o, kwa maradhi na kwa uchovu, hata wapanda farasi wengi wakawa watu wa miguu. Hayo ni mateso ya kweli, na atakaye kuyakumbuka asizuiwe.

Bali namwuliza huyo mwenye jiwe lake: farasi walipokwisha na magari yakakwama matopeni, unga ulifikaje Kondoa? Ulifika juu ya vichwa vya wapagazi.

Katika vita vile wapagazi waliokufa upande wa Waingereza huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Ukumbusho wao tuutajao kila siku ni jina la soko, Kariakoo, nasi hulitaja tukienda kununua nyanya. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 yawataja wapagazi katika maandishi yake, walakini aliye juu ni askari na bunduki yake. Nairobi ni afadhali: mmoja katika wale watatu wa shaba ni mpagazi. Hata huyo hana jina.

Hujibiwa kwamba majina hayakujulikana. Ndugu zangu mshikao kalamu, jibu hilo tusilikubali kamwe! Mpagazi aliandikwa daftarini, akapewa namba, na namba ikachongwa katika kibati. Asingeandikwa, angelipwaje? Tena wengi walipokufa, mshahara wao haukuwafikia jamaa zao; fedha ikabaki mikononi mwa serikali. Yaani daftari lile lilifaa kwa kuhesabia rupia, lisifae kwa kuchongea jina.

Wala haya si maneno yangu peke yangu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu 116,000 kwa uchache, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Radhi ni njema, lakini haisomeki juu ya jiwe.

Basi atakaye jiwe katika njia ya Kondoa na alijenge. Ila kwanza orodha za zamani zitafutwe, na wazee wa koo za Arusha, Meru na Kondoa waulizwe ni nani hakurudi. Majina yatakayopatikana yachongwe jiwe lile lile, kwa herufi za kimo kile kile, pamoja na ya wapanda farasi. Kazi ya kunakili mimi naipokea, baada ya saa za ofisi, bila malipo.

Ni mimi,
Karani, Kisongo