Penye Maji Hapana Taa

Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Nyanda za chini za Embu, kule Mbeere, ni ushahidi tosha. Kati ya 1968 na 1988 mabwawa matano yalijengwa katika Mto Tana: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Gitaru pekee ina uwezo wa megawati 225. Hata hivyo, kwa miaka na mikaka nyaya zilipita juu ya mapaa ya wenyeji zikielekea Nairobi, nao wakabaki na koroboi zao.

Aghalabu tiba inayopendekezwa ni kuunganishia kila nyumba umeme. Haitoshi. Taa ya sebuleni haimwajiri kijana. Linalohitajika Meru na Embu ni kongano la biashara za nishati safi: wazalishaji, mafundi, wakopeshaji na wateja waliokaribiana kiasi cha kutegemeana. (Neno hilo limezoeleka zaidi Tanzania, si vibaya kuliazima.)

Mbegu ilikwisha kupandwa Mbuiru, katika iliyokuwa Wilaya ya Meru Kusini, leo Kaunti ya Tharaka-Nithi. Kuanzia 1998 wanakijiji wapatao 200, wakisaidiwa na shirika la Practical Action (enzi hizo ITDG) pamoja na Wizara ya Kawi, walijitolea nguvu zao kujenga mtambo wa Tungu-Kabiri wa kilowati 18, wakanunua hisa. Kwa kuwa umeme huo haungetosheleza nyumba zilizotawanyika, azma ikawa kuupeleka katika kituo kimoja cha biashara: kuchomelea vyuma, kunyoa, kuchaji betri. Azma hiyo ilikuwa na busara kuliko sera nyingi zilizofuata, maana ilitanguliza kazi.

Kiwanda cha chai cha Imenti nacho huiuzia Kenya Power ziada ya umeme wake wa maji. Vyuo vikuu vipo Meru na Embu. Sheria ya Nishati ya 2019 inazitaka kaunti ziandae mipango yao ya nishati. Vipande vipo, havijaunganishwa.

Na kuviunganisha ni kazi ya lugha pia. Mkulima wa Runyenjes hawezi kutia pesa zake katika hisa ambazo masharti yake yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Gawio, dhamana, bei ya kununulia umeme: istilahi hizi zinawangoja wanafunzi wa Kiswahili, ambao aghalabu huhitimu bila kutafsiri hata mkataba mmoja. Nakala ya Kiswahili iwe mezani kabla mkulima hajatia kidole gumba.