Kiingereza Nyumbani: "To" Hii Yafanya Kazi Gani?

Juma hili twatazama neno la Kiingereza lenye herufi mbili tu: "to". Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husomeshwa kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, hesabu na jiografia zamjia kwa Kiingereza, na neno moja asilolielewa laweza kumpotezea swali zima. Yafaa tumsaidie mapema.

"To" ikifuatwa na kitenzi kitupu, kisicho na alama ya wakati wala ya mtu, ni kama "ku" yetu: "to sell", kuuza. Maneno yanayokifuata kitenzi hicho na kukikamilisha ni fungu moja nacho: "to sell maize", kuuza mahindi. Lakini ikifuatwa na jina la mahali au la mtu, hiyo ni "to" nyingine. Mtu wa Kaoze aliyekwenda mjini twaweza kumwandika hivi: "He went to Sumbawanga to sell maize." Ya kwanza yaonyesha mahali, ya pili ndiyo tunayoitafuta. Tena usiandike "to sold", hata kama aliuza jana.

Fungu hili lina kazi tatu, na Kiswahili chetu kinazo zote.

Kwanza, kazi ya jina. "To plough with oxen saves time": kulima kwa ng'ombe kwaokoa wakati. Uliza: Nini chaokoa wakati? Vilevile, "Mother wants to sell beans." Mama ataka nini? Kuuza maharage.

Pili, kazi ya sifa. "We have maize to grind": tuna mahindi ya kusaga. Uliza: Mahindi gani? Hapo fungu hukaa nyuma ya jina linaloelezwa.

Tatu, kazi ya kielezi, ambayo mara nyingi hutaja sababu. "She came to see the teacher." Alikuja kwa nini? Kumwona mwalimu. Jaribu kutia "in order" mbele ya "to". Sentensi ikisimama vema, umeipata.

Jihadharini na mitego miwili. "Naweza kusoma" si "I can to read", bali "I can read". Na "must" ni vivyo hivyo. Tena, "He stopped to drink" maana yake alisimama apate kunywa, lakini "He stopped drinking" maana yake aliacha kunywa. Ukimwandikia mwajiri barua ya kumsifu kijana aliyeacha pombe, kisha ukatumia ile ya kwanza, umemharibia kazi.

Zoezi la jioni: "Parents are asked to come to the school to sign a form." Zimo "to" tatu. Watoto wafunike mistari inayofuata, kisha wajibu.

Ya kwanza ni kazi ya jina: wazazi waombwa nini? Kuja. Ya pili yaonyesha mahali, wala si ya kitenzi. Ya tatu yatoa sababu: waje kwa nini? Kutia sahihi.

Basi, mzazi asiyejua Kiingereza asiseme hawezi kumsaidia mwanawe. Mtoto na asome sentensi na kueleza maana yake. Mzazi aulize kwa Kiswahili: Nini? Gani? Kwa nini?