Umeme Mkononi mwa Askari

Ijapokuwa bunduki ya umeme husifiwa kuwa ni rehema ikilinganishwa na risasi, wala mimi sikani, haifai kusahauliwa maiti ya yule msafiri kutoka Poland ambaye, Oktoba 2007, katika kiwanja cha ndege cha Vancouver, Kanada, baada ya kungoja saa nyingi pasipo mkalimani, alipigwa umeme mara tano na polisi waliokuwa ndiyo kwanza wamemfikia. Jaji Thomas Braidwood, aliyeongoza tume ya uchunguzi, alikata shauri mwaka 2010 kwamba tendo lile halikuwa na uhalali. Na askari wawili, ajabu ya kusikitisha, walifungwa baadaye kwa kuidanganya tume chini ya kiapo. Basi serikali na ziharimishe silaha hii isipokuwa penye hatari dhahiri ya kudhuru mwili.